Sura ya 7: Kirusi cha Kunde na Saratani ya Ngozi

Mkulima wa kunde huujua ugonjwa huu kwa macho, hata kama hajawahi kusikia jina la kinachouleta. Majani machanga hutoka na mabaka ya kijani na manjano, hujikunja, mmea hudumaa, na siku ya kuvuna maganda huwa ya kuhesabika. Mabwana shamba huuita batobato. Kirusi kimojawapo kinachousababisha kilielezwa na wanasayansi nchini Nigeria mwaka 1959, kisha kikaandikwa pia Kenya. Wanaokisambaza ni mbawakawa: hutafuna jani la mmea mgonjwa, wakahamia mzima, na kirusi kikahama nao. Anayekula mboga ya kunde hapati dhara lolote, kwa kuwa kirusi cha mmea hakina uwezo wa kuzaliana ndani ya seli za binadamu.

Mwaka 2016 kirusi hichohicho kilijitokeza kwenye kurasa za jarida la kisayansi la Nature Nanotechnology, safari hii kikitajwa kama dawa. Watafiti wa Marekani, miongoni mwao Steven Fiering wa Dartmouth na Nicole Steinmetz, aliyekuwa wakati huo Chuo Kikuu cha Case Western Reserve mjini Cleveland, walichukua gamba la kirusi cha kunde lisilo na vinasaba ndani yake, wakawavutisha panya waliokuwa na melanoma mapafuni. Saratani ilirudi nyuma. Panya wengine, wenye uvimbe kwenye ngozi, walidungwa chembe hizo moja kwa moja ndani ya uvimbe, na baadhi yao wakapona kabisa. Baadaye waliopona walipandikizwa tena seli zilezile za saratani, safari hii ubavu wa pili ambao haukuwahi kuguswa na sindano. Kwa wengi wao seli hizo hazikuota.

Hapo ndipo ajabu ilipo, maana gamba lile halina sumu. Ukiliweka na seli za saratani peke yao kwenye chombo cha maabara, seli hizo huendelea kustawi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kilichoua saratani ni mwili wa panya wenyewe. Kazi ya chembe ilikuwa kuushtua.

Ili kuelewa kwa nini mwili uhitaji kushtuliwa, yafaa kwanza kumtazama adui. Melanoma huanzia kwenye melanosaiti, seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Si saratani ya ngozi inayowapata watu wengi zaidi, lakini ni ya hatari sana, kwa kuwa huwahi kusafiri: hutoka kwenye doa dogo, hupita kwenye tezi za limfu, hufika mapafuni, kwenye ini na kwenye ubongo. Mwaka 2022 watu wapatao 330,000 duniani waligunduliwa kuwa nayo, na karibu 60,000 walifariki kwa sababu yake. Kwa watu weupe chanzo kikubwa ni mionzi ya jua, ambayo huharibu vinasaba vya seli na kuacha mabadiliko mengi mno. Mabadiliko hayo huzaa protini ngeni, na protini ngeni ni kitu ambacho seli T za kinga zimeumbwa kukitambua. Kwa hiyo melanoma ilipaswa kuwa windo rahisi. Haiwi hivyo, kwa sababu uvimbe hujifunza kuishi na kinga. Hutoa kemikali za kuituliza, huzifanya baadhi ya seli za ulinzi zigeuke wahudumu wake, na seli T chache zinazofanikiwa kuingia hubonyezwa vizuizi vyake vya asili mpaka zikachoka.

Wazo la kuuamsha mwili dhidi ya saratani lina umri wa zaidi ya karne moja. Mwaka 1891 daktari wa upasuaji William Coley wa New York alianza kuwadunga wagonjwa wake bakteria hai ndani ya uvimbe. Alikuwa amekuta kwenye kumbukumbu za hospitali habari za mhamiaji wa Kijerumani ambaye uvimbe wake wa shingoni ulitoweka baada ya kuugua maambukizi makali ya ngozi, akamtafuta mtaani na kumkuta akiwa mzima. Baadhi ya wagonjwa wa Coley walipona. Wengine waliuawa na maambukizi yenyewe. Hakuna aliyeweza kueleza wakati ule kwa nini tiba ifanye kazi kwa huyu na imshinde yule, na mionzi ya tiba ilipoingia hospitalini, njia ya Coley ikawekwa kando.

Maelezo yalikuja baada ya miaka mia moja. James Allison nchini Marekani na Tasuku Honjo nchini Japani walichunguza protini mbili zilizo juu ya seli T, CTLA-4 na PD-1, ambazo kazi yake ni kuizuia seli isishambulie kupita kiasi. Dawa ya kwanza ya kukifungua kizuizi cha aina hiyo, ipilimumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011, na ugonjwa ulioanza kutibiwa nayo ulikuwa melanoma. Mwaka 2014 zikafuata pembrolizumab na nivolumab. Rais mstaafu wa Marekani Jimmy Carter alitangaza Agosti 2015, akiwa na miaka 90, kwamba melanoma imemfika kwenye ini na ubongo. Alifanyiwa upasuaji, akapigwa mionzi, akapewa pembrolizumab, na Desemba mwaka huohuo aliwaambia waumini wenzake katika darasa la Jumapili kwamba saratani haionekani tena. Aliishi hadi Desemba 2024, akiwa ametimiza miaka 100. Allison na Honjo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Habari hizo njema zina mpaka wake. Katika utafiti mkubwa uliofuatilia wagonjwa wa melanoma iliyosambaa kwa miaka kumi, waliopewa ipilimumab na nivolumab kwa pamoja walikuwa bado hai 43 katika kila 100. Kabla ya dawa hizo wagonjwa wa aina hiyo walihesabiwa miezi, kwa hiyo ni mafanikio makubwa. Lakini zaidi ya nusu hawakufika. Kufungua kizuizi cha seli T hakusaidii kitu ikiwa ndani ya uvimbe hakuna seli T. Waswahili husema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na katika uvimbe wa aina hiyo jambo lipo, kinachokosekana ni mbiu. Chembe nano, kama lile gamba la kirusi cha kunde, zinatakiwa ziipige.

Nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita. Seli nyekundu ya damu ina upana wa nanomita kama 7,000. Kirusi cha kunde kina 30. Ukubwa huo si jambo la kujivunia tu, ndio unaoamua chembe iende wapi. Vitu vidogo sana, chini ya nanomita kumi hivi, vikidungwa kwenye ngozi huvuja kuingia kwenye mishipa ya damu na kupotea. Vikubwa zaidi ya mia moja hukwama pale sindano ilipoingia. Vilivyo katikati huchukuliwa na maji ya limfu hadi kwenye tezi, mahali ambapo seli T hukutana na seli zinazozifundisha nani wa kushambuliwa. Mwaka 2007 Sai Reddy, Melody Swartz na Jeffrey Hubbell walilinganisha, kwa panya, chembe za nanomita 25 na za nanomita 100 zilizotengenezwa kwa malighafi ileile. Ndogo zilifika kwenye tezi za limfu kwa wingi na kuamsha kinga. Kubwa zilifika kwa shida.

Kuifikia tezi ni jambo moja, kuufikia uvimbe kwa kupitia damu ni jingine. Kwa miaka mingi wanasayansi waliamini kwamba mishipa ya damu ya saratani, ambayo imejengwa ovyo na ina matundu, itaziachia chembe nano zijikusanye zenyewe ndani ya uvimbe. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan wa Toronto lilikusanya matokeo ya tafiti za miaka kumi na kupiga hesabu. Kwa kawaida, katika chembe zote zinazodungwa mshipani mwa mnyama, zinazoingia kwenye uvimbe ni asilimia 0.7. Nyingi ya zilizobaki hukamatwa na ini na wengu. Hesabu hiyo iliwatia simanzi waliotaka kutumia chembe nano kubeba sumu ya kuua saratani, kwani sumu inahitaji kufika kwa kipimo kikubwa. Anayetaka kuishtua kinga anahitaji kidogo tu, mradi kifike mahali panapofaa.

Ngozi inarahisisha hilo. Uvimbe wa ngozi unaonekana, unashikika, unapimwa kwa rula, na sindano inaufikia bila upasuaji. Ndiyo maana madaktari wa ngozi walitangulia kutibu kwa kuchokoza kinga papo hapo. Krimu ya imiquimod, iliyoanza kama dawa ya masundosundo, iliruhusiwa Marekani mwaka 2004 kwa aina mojawapo ya saratani ya juu juu ya ngozi. Nayo haiui seli, inagusa kipokezi cha kinga kiitwacho TLR7 ambacho kwa asili hunusa vinasaba vya virusi. Mwaka 2015 ikaidhinishwa T-VEC, kirusi cha malengelenge ya mdomoni kilichobadilishwa vinasaba, kinachodungwa ndani ya melanoma. Kirusi cha kunde kimerithi mawazo ya zote mbili, bila hatari ya kuambukiza mtu.

Umbo lake ni kazi ya hesabu. Protini mbili, kila moja ikirudiwa mara 60, hujipanga zenyewe kuwa mpira wenye pande ishirini. Chembe zote hutoka sawasawa, jambo ambalo viwanda hulipigania sana vinapotengeneza chembe za plastiki au mafuta. Mwili wa mamalia haujawahi kuugua kirusi hicho, lakini unaitambua sura ya virusi: protini iliyopangwa kwa mistari inayojirudia, ya ukubwa unaojulikana. Seli za kinga hukimeza. Gamba lake hugusa vipokezi vya TLR2 na TLR4, na vinasaba vyake, kama vimeachwa ndani, hugusa TLR7, kilekile cha imiquimod. Kengele tatu kwa mpigo.

Kinachofuata ndani ya uvimbe wa panya kimefuatiliwa hatua kwa hatua. Neutrofili, seli nyeupe ambazo huwa za kwanza kufika penye maambukizi, humiminika. Kemikali za kuita msaada hupanda, zikiwemo intaferoni na IL-12. Baadhi ya seli zilizokuwa zikiutumikia uvimbe hugeuka upande. Seli za saratani zinapokufa katika vurugu hiyo, mabaki yake huokotwa na seli dendriti na kupelekwa kwenye tezi za limfu, na huko seli T hufundishwa sura ya adui. Daktari hakulazimika kujua protini zipi zimebadilika katika saratani hiyo. Uvimbe wenyewe umetoa orodha. Ndiyo sababu uvimbe ulio mbali na sindano unaweza nao kushambuliwa, na panya aliyepona hukataa saratani ileile ikirudishwa.

Si kila kirusi cha mmea kinaweza hayo. Kunde zina kirusi kingine, cha familia tofauti, chenye ukubwa unaokaribiana na hiki na ambacho nacho humezwa na seli za kinga. Steinmetz, ambaye sasa yuko Chuo Kikuu cha California, San Diego, aliviweka viwili hivyo kwenye mizani pamoja na wenzake katika utafiti uliochapishwa mwaka 2025. Kile cha batobato kiliamsha intaferoni za aina mbalimbali na kushambulia saratani. Kile kingine hakikufanya hivyo. Kumbe kumezwa hakutoshi. Tofauti iko kwenye kinachotokea baada ya kumezwa, vinasaba vya kirusi vinapofunguliwa ndani ya seli.

Namna ya kukizalisha kirusi cha batobato inafurahisha mtu wa shamba. Watafiti huotesha kunde za kawaida ndani ya banda, hupaka kirusi kwenye majani machanga, husubiri batobato itokee, kisha huvuna majani, huyasaga na kuchuja chembe. Kunde zinahitaji mwanga, maji na udongo, na chembe zinazopatikana ni imara kuliko dawa nyingi za protini. Lakini kirusi hai kikitoroka kwenye mazingira ni ugonjwa wa mazao, na kwa nchi ambako kunde ni mboga na ni chakula hilo si jambo la kupuuza. Kwa sababu hiyo kundi la Steinmetz limejaribu kukizima kwa mionzi ya urujuanimno na kwa kemikali, likathibitisha kuwa kinaweza kupoteza uwezo wa kuugusa mmea bila kupoteza uwezo wote wa kuamsha kinga.

Kutoka panya, hatua iliyofuata ilikuwa mbwa. Mbwa hupata melanoma ya kinywani wenyewe, bila kupandikizwa, wakiwa na kinga kamili na umri mkubwa, hivyo hufanana na mgonjwa halisi kuliko panya wa maabara. Madaktari wa Dartmouth walidunga chembe za kirusi cha kunde kwenye vivimbe vya mbwa wa kufugwa wakichanganya na mionzi, na waliona seli za kinga zikiingia ndani ya saratani. Hadi mwaka 2025 kirusi hicho kilikuwa bado hakijafika kwa wagonjwa binadamu. Panya wameponywa saratani nyingi ambazo hospitalini hazijapata dawa; melanoma inayotumika sana maabara hukua kwa siku chache ndani ya mnyama kijana, wakati ya binadamu huwa imeishi na kinga yake kwa miaka.

Chembe zilizokwisha kufika kwa binadamu ni za aina nyingine: vitone vya mafuta vilivyobeba mRNA, yaani maelekezo ya kutengeneza protini. Vitone vya jamii hiyo vilibeba pia chanjo za Covid-19, lakini baadhi ya waliovifanyia kazi walianza na saratani. Ugur Sahin, Özlem Türeci na wenzao wa BioNTech, Ujerumani, waligundua kwamba ukirekebisha tu chaji ya umeme ya chembe, bila kuibandika anwani yoyote, chembe inayodungwa mshipani huenda kwenye wengu, makao ya seli dendriti nyingi. Ndani yake waliweka maelekezo ya protini nne zinazopatikana mara kwa mara kwenye melanoma. Matokeo waliyochapisha mwaka 2020 yalionyesha kuwa kati ya wagonjwa 25 waliopewa chanjo hiyo peke yake, watatu walipungukiwa na uvimbe; kati ya 17 walioongezewa dawa ya kufungua PD-1, ni sita. Hawa walikuwa watu ambao tiba za awali zilikuwa zimewashinda.

Kampuni za Moderna na Merck zimekwenda mbali zaidi kwa kumshonea kila mgonjwa chanjo yake. Uvimbe ukishakatwa, vinasaba vyake husomwa, mabadiliko hadi 34 huchaguliwa, mRNA yake hutengenezwa na kufungwa kwenye chembe za mafuta, na mgonjwa hupata sindano kila baada ya wiki tatu, hadi tisa. Katika jaribio lililoongozwa na Jeffrey Weber wa New York, wagonjwa 157 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa melanoma ya hatari waligawanywa: 107 walipewa chanjo na pembrolizumab, 50 pembrolizumab peke yake. Saratani ilirudi au mgonjwa alifariki kwa 24 wa kundi la kwanza na 20 wa la pili. Ukipiga hesabu, hatari ilipungua kwa asilimia 44. Madhara yaliyoonekana mara nyingi zaidi yalikuwa uchovu, maumivu palipodungwa na kutetemeka kwa baridi. Mwaka 2023 lilianza jaribio la hatua ya tatu, la watu zaidi ya 1,000.

Njia hizi mbili zinapishana mahali muhimu. Chanjo ya mRNA huuambia mwili adui ni nani, kwa majina, na inategemea uvimbe uwe na mabadiliko mengi ya kuchagua. Kirusi cha kunde hakitaji jina la mtu. Kinapiga mbiu, mwili unajitafutia. Ya kwanza inahitaji maabara ya kusoma vinasaba na friji za baridi kali. Ya pili inahitaji uvimbe unaofikika kwa sindano.

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee Afrika Mashariki. Kwa mtu mweusi melanoma haikai sana pale jua linapopiga. Hukaa kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Ndiyo iliyomuua Bob Marley mwaka 1981, akiwa na miaka 36, baada ya kuanzia kwenye kidole cha mguu. Aina hiyo haitokani na jua, hivyo ina mabadiliko machache ya vinasaba, na kwa kawaida huzisikia kidogo dawa za kufungua PD-1. Chanjo ya kushonewa mgonjwa ina cha kuchagua kichache. Lakini unyayo ni mahali ambapo sindano inafika.

Kwa watu wenye ualbino hali ni nyingine tena. Jua huwaletea hasa saratani ya seli bapa za ngozi, yenye mabadiliko mengi mno, na melanoma kwao ni nadra. Saratani hiyo huisikia tiba ya kinga: dawa ya cemiplimab, ya familia ya PD-1, iliruhusiwa kwa ajili yake Marekani mwaka 2018. Tafiti za chembe nano zinazotajwa katika sura hii zimejikita zaidi kwenye melanoma ya watu weupe na ya wanyama, na hakuna inayojibu kama mbiu ileile itasikika kwenye unyayo wa mkulima au kwenye sikio la mtoto mwenye ualbino. Majibu hayo yatapatikana tu iwapo hospitali za eneo hili zitakuwa sehemu ya majaribio. Kwa sasa, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC mjini Moshi, kazi inayookoa ngozi za wengi ni kukagua vidonda mapema, kuvikata kabla havijazama, na kutengeneza losheni ya Kilisun ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino.